Karatasi ya Chiriku

...Mhandisi, baba amemwita Chiriku Mhandisi, na hii ni mara ya tatu tangu saa nane, si kwamba alikuwa akihesabu, nani ana muda wa kuhesabu mambo ya kipuuzi na kesho saa tatu asubuhi kuna mtihani, lakini ni mara ya tatu, "Mhandisi, chai unaweka sukari ngapi?", kutoka karakana, kupitia pazia la maua lililotundikwa mahali pa mlango, na Chiriku akajibu kwa sauti yake ile ya kuimba, "Mbili, mzee wangu, usinionee huruma," mzee wangu, wake tangu lini, na baba akacheka, kicheko chake kile kinachoanza kama kikohozi, na binti wa fundi, aliyekaa sebuleni katika nyumba aliyozaliwa, kwenye kiti alichokikwea kwa magoti kabla hajajua kutembea, hakuulizwa habari ya sukari, labda kwa sababu baba anajua anaweka ngapi, labda kwa sababu hajui na haoni haja ya kujua, na akiwa bado anasaga meno juu ya hilo Chiriku akaigeuza karatasi yake, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya rula, akasema, "Hebu nikagulie upande huu kabla sijapitisha wino. Iko sawa?", naye akaivuta kwake, akachukua penseli, akainamisha kichwa kama daktari juu ya mgonjwa wa mtu mwingine. Karatasi moja, iliyoandikwa kwa mkono, pande mbili, hiyo ndiyo ruhusa waliyopewa na mwalimu wa mifumo ya maikroprosesa, mtu mrefu anayefuta ubao kwa kiganja, "ingieni nayo kwenye mtihani, andikeni mnachotaka, hata barua ya mapenzi, lakini kwa mkono wenu, atakayeleta fotokopi namtoa nje," na tangu aseme hivyo darasa zima la watu arobaini na wawili limekuwa la watu wa rula na vifutio, kila mmoja anabana amri na jedwali na michoro mpaka herufi zinakanyagana, yake mwenyewe binti wa fundi ilikuwa imejaa kila pembe kama sisimizi waliomwagiwa maji, lakini ya Chiriku, ya Chiriku ilikuwa na mistari, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, nafasi za kupumulia, karatasi ambayo mtu angeitia kwenye fremu, na hata hilo lilimchoma, kwamba mtu anaweza kuongea kutwa nzima na bado mkono wake ukatulia namna hiyo.

Maana ndiyo asili ya jina, wasichana wa bweni walimwita Chiriku kwa sababu huyu hata akipiga mswaki anaongea, na sasa pia alikuwa anaongea, kitu fulani kuhusu kiongozi wa darasa na viatu vyake, "...nikamwambia kaka, viatu hivyo vinalia kuliko wewe...", na binti wa fundi akasema "mm", macho kwenye mstari wa kwanza, sawa, wa pili, sawa, rejista zote zipo, wa tatu, sawa, na mgongoni mwa sawa hizo wivu ulikuwa umekaa umekunja nne kama mwenye nyumba, kwa nini asiseme ukweli walau ndani ya kichwa chake mwenyewe, ni wivu, si jina lingine, na mbaya zaidi ni wivu wa kujitakia, kwa sababu ni yeye aliyemleta huyu hapa, mwaka wa kwanza, walipokuwa chanda na pete, "twende kwetu, baba yangu ni fundi wa elektroniki, atatuazima kipima umeme," kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nguo hii aliifua mwenyewe, akaipiga pasi, akaivaa, na siku hiyo ya kwanza baba alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono kwa kitambaa, akamwonyesha mgeni ubao wa redio iliyofunguliwa, na Chiriku badala ya kusalimu na kukaa kama watu akachuchumaa pale pale sakafuni, "hii ni nini, mzee? na hii? na hii ikiungua inanukaje?", inanukaje, swali gani hilo, na baba akacheka kwa mara ya kwanza, yaani mara ya kwanza ambayo bintiye aliisikia baada ya miaka mingi, akaeleza jinsi kila kitu kinavyonuka kikiungua, saa nzima, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi, kipindi cha mwisho kikiisha Chiriku hana habari ya bweni, anapita kwanza karakana "kumsalimia mzee", anamshikia tochi, anamvisha kilemba cha ukoka, "mzee, kwa kweli wewe ungekuwa unatufundisha sisi", na mzee anakivaa kilemba chenyewe na kukikaza ili kisianguke. Na si kwamba Chiriku ni yatima. Ana baba yake, mzima wa afya, wakala wa bima mwenye kitambi na gari jeupe, ila baba huyo anadhani binti yake anasomea kutengeneza simu, basi si amweleze, si akae naye amweleze, kuliko kuja kuchota kisima cha watu.

Mstari wa saba, sawa. Wa nane. Mama yake, aliyekuwa kazini hospitali, zamu ya mchana, angesema kama anavyosema siku zote akifunga vifungo vya sare, "baba yako anakupenda, ni mtu wa maneno machache tu," machache kwangu, mama, kwangu, njoo usikie anavyomwagika huku, mtoto wa mhunzi asiposana huvukuta, ndivyo wanavyosema, mimi nani kanipa hata mvukuto, nimekaa mwaka wa tatu chuoni nasoma vitu vile vile vinavyolala mezani kwake, na neno ninaloambiwa nikipita na daftari ni "kasome, Mama, kasome," Mama, kwa sababu alipewa jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo tangu utotoni baba anamwita Mama na kumwamkia kwa utani, na zamani utani huo ulikuwa mtamu, lakini siku hizi aliuona kama pazia la pili, maana nani hukaa akamwelekeza mama yake mzazi jinsi ya kushika bisibisi... "Unaona nilivyopanga?" Chiriku akauliza, "nimeanza na amri za kupakia, halafu za kuruka," "naona," akajibu, na aliona, aliona vizuri mno, na aliona pia zile funguo za maabara, kwa sababu mwalimu alishasema, atakayeongoza katika mtihani huu wa nusu muhula ndiye atakayekuwa msaidizi wa maabara likizo nzima, nafasi ni moja, funguo anakaa nazo yeye, na binti wa fundi alishaziona akilini mara nyingi akiziweka juu ya meza ya karakana, bila neno, zilie tu chuma kwa chuma, baba ainue macho na kuuliza, "za nini hizi?", aulize, basi, hilo tu, aulize swali moja la kumhusu yeye na angojee jibu, na katika darasa zima la watu arobaini na wawili mtu mmoja tu ndiye angeweza kumzuia, naye amekaa mbele yake akitingisha mguu.

Mstari wa kumi na moja. Penseli ikasimama. 3A, 20, 50. Akausoma tena, polepole, akashukia ule wa chini yake, na wa chini yake tena, na zile za kuruka zote, saba au nane, na kitu fulani kifuani mwake kikaanza kupanda ngazi mbili mbili, maana hii ndiyo amri ya kupakia, nenda kwenye anwani 2050 ukaniletee kilichomo, na anwani ni namba ya nyumba tu, ila namba yenyewe ni pana kuliko mlango wa kumbukumbu, kwa hiyo inakatwa vipande viwili, kichwa 20 na mkia 50, na mashine hii wanayosomea imezaliwa na ukaidi wake, inataka mkia kwanza, kichwa baadaye, 3A, 50, 20, ukitanguliza kichwa haikatai, hailii, haiwashi taa nyekundu, inakwenda kwa adabu zote mpaka nyumba namba 5020, inabisha hodi kwa watu wengine kabisa, inabeba chochote itakachokikuta sebuleni na kukuletea wewe ukichukulie kuwa ndicho ulichokitaka, hesabu yote ya chini inaharibika na wewe huna habari, na Chiriku alikuwa ametanguliza kichwa kila mahali, kila mahali, ukurasa mzima mzuri ulionyooshwa kwa rula ulikuwa unapeleka watu nyumba zisizo zao, na swali la tatu, kila mtu anajua swali la tatu ni la kuandika programu kwa mkono, alama ishirini na tano, na la nne linaegemea la tatu... Furaha ikampanda. Hakuialika, hata kiti hakuipa, lakini ilipanda, ikampa joto masikioni, akasikia nusu ya kucheka ikimtekenya koo, akashusha kichwa zaidi ili uso wake usionekane, akasema, "Subiri kidogo, bado niko hapa juu," akairudisha penseli mstari wa nne, akajitia hamnazo. Maneno mawili tu. Iko sawa. Wala usingekuwa uongo wa kumtia mtu jela, nilipitia haraka, macho yalichoka, mimi nami nilikuwa na karatasi yangu ya kumalizia, nani angemlaumu, wino unapita, kesho inafika, keshokutwa majibu yanabandikwa ukutani, na Mhandisi, Mhandisi wa sukari mbili, anashuka kwenye orodha mpaka mahali ambapo jina lake linasomwa kwa kupiga magoti, na mzee wake atasikia, maana mambo kama hayo husikika, na labda jioni hiyo karakana itakuwa kimya, labda kwenye kimya hicho atainua pazia atazame sebuleni aone nani aliyebaki.

"...na hapo kwenye anwani," Chiriku alikuwa anasema, na maneno yake yakawa yanapita nje ya sikio kama kawaida mpaka moja likakwama, "hapo ndipo nilipokuwa nimenasa wiki nzima, mwalimu alieleza siku ile nina homa, basi mzee akanichorea nyuma ya kalenda, ukurasa wa mwezi uliopita, akasema usijisumbue, mtu akiingia ndani hutanguliza kichwa, na mashine ni hivyo hivyo, nikaelewa papo hapo, baba yako anajua kueleza, wewe una bahati," bahati, una bahati, na ile furaha ikakatika kama umeme, pakaingia kitu cheusi zaidi, alimchorea, alichana ukurasa wa kalenda, akakaa, akashika kalamu, akamchorea, na yeye bintiye aliwahi kwenda na daftari lake wiki ya pili ya muhula, ameliandaa swali tangu asubuhi, swali ambalo jibu lake alikuwa nalo, swali la kujibebesha ujinga ili mradi akae kidogo kwenye kigoda kile cha karakana, na baba hakuinua hata macho kutoka kwenye risasi ya kulehemu iliyokuwa ikiyeyuka, akasema, "Hayo wewe unayajua kuliko mimi, Mama. Kasome," naye bintiye akaondoka na daftari lake kifuani, na sasa anaambiwa kalenda, kalenda nzima, na akatamani kuichana karatasi hii vipande vinne, akatamani Chiriku ainuke aende kwao akamchoree wakala wa bima... lakini subiri. Subiri kwanza. Kichwa hutangulia. Baba ndiye aliyesema. Basi kosa hili si la Chiriku.

Si la Chiriku, ni la baba, na hata baba hakukosea, akajua mara moja hata mahali lilipotoka, kwa sababu zamani, kabla hajafungua karakana, baba alikuwa kijana wa matengenezo kwenye kiwanda cha nyuzi, na mashine mojawapo ya kusokota ilikuwa na ubao wa kuiongoza uliotoka mbali, na ubao ulikuja na kitabu, na kiwanda kilipofungwa kila mtu alibeba alichoweza, wengine magurudumu, wengine vitambaa, baba akabeba kitabu, kisicho na jalada, chenye alama za vidole vya mafuta kila ukurasa, alichojifundisha peke yake, neno moja moja, na kamusi ya kuazima, na yeye bintiye alikuwa akikiiba rafuni na kukisoma chini ya meza alipokuwa na miaka kumi na mitatu, ndimo alimojifunza mambo haya kabla hajajua kuwa yanaitwa somo, na katika kitabu kile, anakumbuka hata upande wa ukurasa, kulia, juu, mashine ile ilikuwa inatanguliza kichwa. Mashine nyingine, kampuni nyingine, ukaidi mwingine. Baba alikuwa sahihi kabisa, miaka thelathini iliyopita, kwenye mashine moja ambayo sasa ni kutu. Hajui kwamba nyingine ziko tofauti, nani angemwambia, hajawahi kuiona nyingine, maarifa yake yote ya maikroprosesa ni kitabu kimoja bila jalada, na hicho kimoja amekitoa chote, kwa moyo mweupe, nyuma ya kalenda, kwa msichana asiyejua tofauti. Asiyejua tofauti. Na hapo, bila yeye kuiita, siku ile ya kipaza sauti ikaingia, siku aliyoitunza miaka yote hii kama cheti, alipokuwa na miaka hiyo hiyo kumi na mitatu, mteja amesimama, mtu wa muziki mwenye haraka, kipaza sauti chake kimefunguliwa mezani, na baba ameshaichomoa transista aitupe, na yeye pembeni akasema, kwa ile sauti ya watoto wanaojua, "Baba, hiyo nzima, iliyokufa ni kapasita ile pale, si unaiona imevimba?", na baba akapima, na kweli, na mteja akapiga kiganja mezani, "Fundi, huyu mtoto atakuachisha kazi," wakacheka wote watatu, na baba akamwekea mkono kichwani, huo mkono aliubeba kichwani miaka saba, kila alipohisi hapendwi aliutoa na kuutazama, siku ile alijivunia mimi, siku ile nilikuwa wake... lakini kipande kilichobaki hakuwahi kukitoa, hakujua hata kama anacho, kwamba mteja alipouliza kama na spika nazo zibadilishwe alimwuliza yeye, mtoto, akampa baba mgongo, kwamba baba alikuwa ameacha kucheka kabla yao, kwamba aliinama kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakikuwa kimeanguka, akakaa huko chini muda mrefu mno. Na kesho yake asubuhi, kesho yake tu, si mwezi wala mwaka, "Mama, kasome, vumbi hili si lako," na kigoda chake kikawekewa redio mbovu juu.

Ananiogopa, binti wa fundi akawaza, na neno lilikuwa dogo na jepesi hata akaona aibu kwamba lilimchukua miaka saba kulipata, si kwamba hanipendi, ananiogopa, baba yangu mzazi, mtu anayeshika waya wenye umeme kwa mkono mmoja, kila nikiinua pazia na daftari anaona mteja yule amesimama nyuma yangu, na Mama ile si utani, au ni utani wa mtu anayerudi nyuma hatua moja huku akitabasamu, na kwa Chiriku hakupeleka penzi langu, kwa Chiriku anakwenda kupumzika, basi, mtu anayemwuliza inanukaje hawezi kumwambia imevimba. Alitegemea baada ya kuyajua hayo wivu utamtoka. Haukutoka. Ulisogea tu, ukamwachia nafasi mwenzake ambaye alikuwa huruma, na mwingine ambaye alikuwa hasira, maana mtu mzima gani huogopa mtoto wa miaka kumi na mitatu, ungeniambia, baba, ungenikemea mbele ya mteja yule, ungenipiga kofi la mdomo, ningelia siku mbili nikarudi kwenye kigoda changu, kuliko kunipandisha cheo mpaka nikatoka mlangoni... na wakati huo huo aliona kesho, wazi kama jedwali, akisema iko sawa Chiriku ataanguka, na Chiriku akishaanguka atajua alianguka wapi, atakuja na kitabu cha somo mkononi, si kwa ubaya, yule hana ubaya, ndiyo balaa lake, atakuja na mdomo wake ule, "mzee, kumbe siku ile ulinipoteza," atacheka, na baba atacheka naye, na atainama chini ya meza, na baada ya hapo hakutakuwa na mtu hata mmoja katika nyumba hii anayeweza kuulizwa sukari ngapi. Na akisema si sawa, hapa, sasa hivi, na pazia ni kitambaa tu, itakuwa kipaza sauti kile kile mara ya pili, yeye yule yule, sauti ile ile ya wanaojua. Na je, akimnong'oneza, akafuta kimyakimya, wakakubaliana kumficha mzee, basi watakuwa wamemfanya nini, watakuwa wamemfanya mtoto, watu wawili wanaomchekea mgonjwa.

"Mbona umenyamaza?" Chiriku akasema, akainama juu ya meza aone penseli ilipofika, mguu wake bado unatingishika, na binti wa fundi akamtazama, akaona kitu ambacho wivu ulikuwa umemzuia kukiona, kwamba msichana huyu ana hofu, ana vidoa vya wino mpaka kwenye kidevu na kucha amezila zote, anaongea kwa sababu anaogopa kesho, "niambie tu, nimeharibu? Iko sawa?", na kabla hajafungua mdomo sauti ikaja kutoka karakana, tulivu, yenye raha, sauti ya mtu aliyekunja mikono juu ya kazi iliyokwisha, "Kama ameandika nilivyomwonyesha, iko sawa hiyo, Mama. Msihangaike." Na Chiriku akatabasamu, akanyoosha mkono kuichukua karatasi yake, kalamu ya wino imeshafunguliwa, na binti wa fundi akaiwekea kiganja juu, kwa nguvu kidogo kuliko alivyokusudia, na kwa mkono mwingine akavuta kitabu cha somo kutoka chini ya marundo, akakifungua ukurasa wa anwani, akakigeuza kisiwaelekee wao wawili, kielekee kile kiti cha tatu ambacho hakuna aliyekikalia, kama ndiye aliyekosea, akasema, na sauti ilitoka nyembamba, si ya wanaojua, "Baba, mimi hapo sijaelewa. Njoo unionyeshe na mimi." Chiriku akainua macho, "Wewe? Wewe usielewe?", na chini ya meza binti wa fundi akaukanyaga mguu ule uliokuwa ukitingishika, akaukandamiza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Chiriku alinyamaza. Kule nyuma ya pazia napo palikuwa kimya, si kimya cha mtu anayekuja, si kimya cha mtu aliyekataa, huenda alikuwa ameshika bisibisi hewani, huenda alikuwa anatafuta udhuru, na yeye akajua kwamba akija atauona ukurasa, hatahitaji kuambiwa, jicho la fundi haliwezi kukaa mbele ya kitu likakipita, atausoma, na atakachofanya baada ya kuusoma ni chake, anaweza kusema mashine hii yenu ina wazimu, anaweza kucheka, anaweza kurudi nyuma ya pazia miaka mingine saba, na yeye itabidi amtazame akichagua, jambo ambalo hajawahi kulifanya, siku zote amekuwa akimtazama mgongo. Karatasi ilikuwa pale pale, penseli tupu, 3A, 20, 50, hakuna aliyefuta, hakuna aliyepitisha wino. Alitaka aje upesi, alitaka achelewe, alitaka vyote viwili kwa nguvu sawa, na kimya kilipozidi kurefuka akasikia kwamba hata huko kuna mtu anayetafuta mlango, basi akampa, polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye ukurasa, "Uje na miwani, Baba. Maandishi ya hiki kitabu ni madogo mno."